Ushuhuda wa Kisima



Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto huyajua maji kabla ya kujua kusoma. Anajua chemchemi ipi hukauka wakati wa kiangazi, bomba lipi hutoa maji mekundu baada ya mvua, na saa ipi inafaa kwenda kuteka ili asisimame mstarini mpaka jua liwe kali. Elimu hiyo hakuipata darasani. Aliipata kwa mama yake, na kwa uzito wa bidoni mgongoni. Kwa hiyo, tuliposoma habari za Waogoni wa Nigeria, watu waliojua kwamba maji yao yana mafuta na bado wakaendelea kuyatumia, swali lililotujia kwanza halikuwa la kemia. Tuliulizana: ikiwa wenyewe walikwisha kujua, ilikuwa na faida gani waje wataalamu na chupa ndogo kuyapima?

Swali hilo lilitushika kwa majuma mengi. Kikundi chetu kilikuwa kimeamua kusoma, kila Jumapili baada ya mkutano, ripoti iliyotolewa mwezi wa Agosti 2011 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, juu ya hali ya nchi ya Waogoni. Mwenzetu mmoja anayefahamu Kiingereza alitufasiria, na mwingine aliyejifunza kazi ya maabara alitueleza yale yaliyotushinda. Twapenda kuwashirikisha ninyi nyote tuliyoyapata, kwa maana twaamini yanatuhusu kuliko tulivyodhani tulipoanza.

Nchi ya Waogoni ni eneo la kilomita za mraba kama elfu moja katika Jimbo la Rivers, kusini mwa Nigeria, karibu na mahali mto Niger unapogawanyika katika vijito vingi kabla ya kuingia baharini. Watu wake ni wakulima na wavuvi. Mafuta yaligunduliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo mabomba yakapita katikati ya mashamba, vijiji na mikoko. Kwa miaka mingi mafuta yalimwagika, mara kwa uchakavu wa vyombo, mara kwa wizi na uharibifu. Mwaka 1993 uchimbaji ulisimama kwa sababu ya upinzani wa wananchi. Tarehe 10 Novemba 1995 serikali ya kijeshi ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa pamoja na wenzake 8, waliokuwa wakidai haki ya watu wao. Baada ya damu hiyo, kila upande ulibaki na neno lake. Wenyeji walisema ardhi yao imekufa. Wengine walisema wenyeji wanaongeza chumvi, au kwamba wao wenyewe ndio wanaotoboa mabomba.

Mwaka 2005 Rais Obasanjo alimteua padri Mkatoliki, Matthew Kukah, awe mpatanishi kati ya Waogoni na kampuni ya Shell. Ndani ya juhudi hizo za amani serikali ya Nigeria iliiomba UNEP ifanye uchunguzi wa ardhi, maji na hewa ya nchi ile. Jambo hili lilitufikirisha. Sisi tunaoishi mahali ambapo neno upatanisho hutamkwa mara nyingi, tumezoea kuona watu wakipeana mikono mbele ya wakubwa, kisha kila mmoja akarudi nyumbani na hasira yake. Huko, kabla ya mikono kupeanwa, iliombwa ukweli ambao pande zote mbili zingeweza kuutazama bila upande mmoja kusema umetungwa na mwingine.

Kazi hiyo ilichukua miezi 14. Wachunguzi walifika mahali zaidi ya 200, wakapita kilomita 122 za njia za mabomba, wakasoma karatasi za wagonjwa zaidi ya 5,000, na katika mikutano ya vijiji wakakutana na watu zaidi ya 23,000. Walichimba visima 142 vya kupimia tu, wakatoboa udongo mahali 780, na kwa jumla wakachukua sampuli zaidi ya 4,000. Sampuli ni sehemu ndogo ya maji, ya udongo au ya hewa, inayochukuliwa ili iseme kwa niaba ya yote yaliyobaki. Na hapo ndipo ugumu ulipo: kitu kidogo hakiwezi kusema kwa niaba ya kikubwa kama kimechukuliwa ovyo.

Mwenzetu wa maabara alitaka tuone hayo kwa mikono yetu. Alileta vichupa vidogo vya kioo, vya mililita 40, akatupeleka kwenye tangi la maji ya mvua la parokia. Sharti lilikuwa moja: kujaza kichupa mpaka maji yafurike kidogo mdomoni, kufunga, kukigeuza juu chini, na kutoona hata povu moja la hewa ndani. Twaweza kuwahakikishia kwamba si rahisi. Kati ya watu kumi na wawili, watatu tu walifaulu mara ya kwanza. Kisha alitueleza sababu. Ndani ya petroli, ile tuiitayo esanse, mna kemikali iitwayo benzeni, ambayo huweza kuleta saratani ya damu. Benzeni haikai majini kwa utulivu. Hutafuta njia ya kwenda hewani. Povu la hewa ndani ya kichupa huweza kupokea sehemu yake, na chupa ikifunguliwa maabara, sehemu hiyo hutoroka kabla ya kupimwa. Hapo maji huweza kuonekana safi kuliko yalivyo, na mama anayeyanywa huenda akaambiwa hana tatizo.

Alitueleza mengine pia. Maji yaliyolala ndani ya kisima cha kupimia hayachukuliwi. Hutolewa kwanza, mpaka yaje maji mapya kutoka ardhini. Huanzwa kisima kinachodhaniwa kuwa safi na kumalizia kile kichafu, ili uchafu wa kimoja usibebwe hadi kingine, na glavu hubadilishwa kila mahali. Chupa huwekwa kwenye baridi ya barafu. Juu ya kila moja huandikwa namba, mahali, tarehe, saa na jina la aliyechukua, na kila mtu anayeipokea njiani hutia sahihi, ili isije ikasemwa kesho kwamba ilibadilishwa.

Hewa nayo hupimwa. Kuna pampu ndogo inayovuta hewa kwa kipimo kinachojulikana na kuipitisha katika mrija wenye kitu cha kunasa mivuke. Kuna pia chombo cha chuma kilichotolewa hewa yote, ambacho hufunguliwa kidogo tu na kuvuta hewa polepole mchana na usiku. Mpimaji huandika upepo unatoka wapi, huweka chombo kimoja upande upepo unakotoka na kingine upande unakokwenda, na hukaa mbali na jenereta. Asubuhi ya kazi hatii esanse katika pikipiki yake mwenyewe, asije akapima harufu ya mikono yake badala ya hewa ya kijiji.

Lakini kilichotushangaza zaidi ni kichupa kimoja kilichojazwa maji safi kabisa katika maabara, kikafungwa, kikasafiri na vingine mpaka kisimani na kurudi, bila kufunguliwa hata mara moja. Kazi yake ni kuwachunguza wapimaji wenyewe. Mafuta yakionekana ndani yake, itajulikana kwamba yameingia njiani, na matokeo mengine yote yatatiwa shaka. Tulitafakari sana juu ya kichupa hicho. Mara ngapi mtu anapoleta mashtaka mbele ya watu, huleta pia kitu kinachoweza kumshtaki yeye? Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee; mpimaji mwaminifu huhakikisha mapema kwamba ya kwake inaweza kukaguliwa mpaka mwisho.

Basi walipata nini? Katika jumuiya zisizopungua 10 za Waogoni, maji ya kunywa yalikuwa yamechafuliwa vibaya na mafuta. Mahali paitwapo Nisisioken Ogale, karibu na bomba la kampuni ya mafuta ya taifa ya Nigeria, wachunguzi walikuta tabaka la mafuta yaliyosafishwa, lenye unene wa sentimita 8, likielea juu ya maji ya ardhini yanayolisha visima vya watu. Katika visima vya hapo, benzeni ilizidi mara 900 kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Kiwango hicho ni mikrogramu 10 kwa lita moja, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Tulipiga hesabu wenyewe: tone moja la benzeni latosha kufikisha kiwango hicho katika bidoni 200 za lita 20.

Katika hewa, benzeni ilipatikana kwenye sampuli zote. Karibu moja katika kumi ya vipimo ilizidi kiasi ambacho, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani na za Marekani, huweza kumletea saratani mtu mmoja katika 10,000. Na katika udongo, mahali 49 mafuta yalikutwa yameshuka mita 5 au zaidi, hata pale ambapo mpita njia angeona majani yameota akadhani ardhi imekwisha kupona.

Hapo tulirudi kwenye swali letu. Yaya mmoja katika kikundi, mwenye maneno makali, alikuwa akishikilia tangu mwanzo: «Wale watu walikuwa na pua. Anayemtaka mtaalamu amwambie kwamba maji yananuka, huyo hana heshima kwa mwenye kisima.» Twakiri kwamba neno lake lina uzito. Ripoti yenyewe yasema kwamba wenyeji walijua maji ni machafu na ya hatari. Waliendelea kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea kwa sababu hawakuwa na mengine. Hakuna aliyepaswa kuwafundisha kunusa.

Hata hivyo, pua ina mpaka wake. Ulimi wa mwanadamu hauanzi kuitambua benzeni majini mpaka imezidi kiwango cha usalama mara 50 au zaidi, na pua huchelewa kuliko ulimi. Maana yake ni kwamba, jirani na kisima kinachonuka, ambacho watu wamekwisha kukikimbia, huweza kuwapo kisima kisicho na harufu yoyote ambacho wamekikimbilia, nacho kina sumu. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Pua ya mwenyeji ndiyo inayomwonyesha mpimaji mahali pa kuanzia. Chupa huendelea kutoka pale pua inaposhindwa. Mmoja akimdharau mwenzake, wote wawili watapotea.

Kuna sababu ya pili. Mama wa Ogale akisema «maji yananuka», mwenye nguvu aweza kumjibu kwamba yanuka kidogo, au kwamba yalinuka jana, au kwamba yeye anatafuta fidia. Neno la maskini hupimwa kila mara kwa mizani ya mwingine. Lakini mara 900 ni neno gumu kulipinga, hasa likiwa limechukuliwa kwa vichupa visivyo na povu, kwa sahihi za kila mkono uliozipokea, na kupimwa katika maabara zenye ithibati. Ule uangalifu wote katika mambo madogo, uliotuchosha pale kwenye tangi la parokia, ulikuwa kumjengea mama yule ushuhuda usiobomoka. Ndiyo maana twasema kwamba kufunga kichupa vizuri ni tendo la haki, ingawa anayefanya hivyo huenda asimjue kamwe atakayefaidika.

Ilitubidi basi tukabili swali gumu zaidi, ambalo dada yetu mmoja alilisema kwa maneno mawili: «Karatasi hainywewi.» Ripoti ilitaka mambo ya haraka: watu wa Ogale waelezwe hatari, visima vichafu vitiwe alama, na maji mengine yaletwe. Ilisema pia kwamba kusafisha nchi nzima kwaweza kuchukua miaka 25 hadi 30, na kwamba mfuko wa kuanzia uwe na dola bilioni moja. Uzinduzi wa kazi ya kusafisha ulifanyika Bodo mwezi wa Juni 2016, karibu miaka mitano baada ya ripoti. Mwezi wa Februari 2021, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kesi ya watu wa Ogale na wa Bille dhidi ya Shell yaweza kusikilizwa katika mahakama za Uingereza. Mtoto aliyezaliwa Ogale mwaka ripoti ilipotoka alikuwa na miaka kumi hivi, nao wazazi wake walikuwa ndiyo kwanza wanaruhusiwa kuendelea na kesi.

Hatukupata jibu la kumfurahisha dada yetu, wala hatutaki kumtungia. Tulipatana juu ya jambo moja tu: kipimo huacha deni. Kabla ya kupimwa, mwenye kuhusika aweza kusema hakujua. Baada ya kupimwa, kila siku inayopita bila maji safi ni siku aliyoichagua. Deni hilo halifutiki kwa kukawia, na wanaodai hawalazimiki kuanza upya kila mara kwa machozi. Wasingepimiwa, wangedai kwa sauti tu, na sauti huzeeka pamoja na mwenyewe.

Na sisi je? Mwezi wa Julai 2022 serikali ya nchi yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikigusa Hifadhi ya Virunga. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024, kisha mwaka 2025 vitalu vingine vikatangazwa. Hatuandiki hapa kusema mafuta yachimbwe au yasichimbwe. Mjadala huo ni wa wananchi wote. Twasema jambo dogo zaidi, ambalo habari ya Waogoni imetufundisha. Sampuli ya thamani kuliko zote ni ile iliyochukuliwa kabla ya kitu chochote kumwagika. Mahali palipopimwa mapema, hakuna awezaye kusema baadaye kwamba maji yalikuwa hivyo tangu zamani. Maji safi ya chemchemi zetu za leo ndiyo shahidi wa kesho, nayo huenda yakapita bila mtu kuandika neno lake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Twaweza pia kuanza na yaliyo karibu. Katika barabara zetu, makadafi huuza esanse katika chupa na bidoni, mara nyingi mlangoni pa nyumba wanamolala watoto. Katika mivuke ile mna benzeni ileile iliyopimwa katika hewa ya Ogoni. Tusiwadharau ndugu hao, wanaotafuta chakula cha siku. Tuwaambie kwa upole wasihifadhi esanse chumbani, wasiivute mrijani kwa mdomo, wasiimwage karibu na kisima. Na jambo moja tuwaambie mama zetu wote: maji yaliyoingiwa na mafuta hayasafishwi kwa kuchemshwa. Moto huua vijidudu, lakini benzeni huitoa majini na kuipeleka katika hewa ya jikoni, ambamo mama na mtoto aliye mgongoni wanapumua. Dawa ya kutia majini nayo haiiondoi. Maji kama hayo huachwa, na habari hutolewa.

Kuchukua sampuli za kemia ni kazi ya waliofunzwa, nasi hatuwaombi mjifanye wataalamu. Lakini daftari halihitaji maabara. Kikundi chochote cha vijana chaweza kuorodhesha chemchemi na visima vya parokia yake, na kila mwezi kuandika tarehe, rangi, harufu, mvua, na kilichobadilika jirani. Chaweza kuuliza kwa adabu wanaosimamia maji: yalipimwa lini, na matokeo yako wapi? Chaweza kuomba kwamba mradi wowote mkubwa ukija, maji yapimwe kwanza, na nakala moja ibaki mikononi mwa wenyeji. Mpimaji akija siku moja, atapata watu wanaojua kumwonyesha pa kuanzia, na wanaojua kumtazama kama anajaza kichupa bila povu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni nani wanaojua kwanza kwamba maji yamebadilika, na neno lao hupokewaje?

2. Ni jambo gani tunalolilalamikia kila siku bila kuwa tumeliandika hata mara moja, pamoja na tarehe yake?

3. Dada yetu alisema karatasi hainywewi. Tungemjibu nini, nasi tuko tayari kufanya nini ili jibu letu liwe la kweli?